Kalafati ya Fundi Mbaruku

Fundi Mbaruku hakufundishwa na mtu kujenga nyumba. Alifundishwa kuunda majahazi, huko Kilwa, na mjomba wake aliyekuwa na mkono mwepesi wa kupiga na mdomo mzito wa kusifu. Miaka kumi na minane alichonga, akapiga misumari, akaziba. Meli za moshi zilipoanza kubeba shehena zote za pwani, na wenye majahazi wakawa wanayatia viraka ya zamani badala ya kuunda mapya, alifunga vyombo vyake kwenye gunia, akamchukua mkewe Sitara, wakaja Dar es Salaam. Ilikuwa miaka michache tu tangu Mwingereza akabidhiwe nchi. Wakapanga vyumba viwili Kariakoo, nyuma ya soko, na mwenye nyumba akamwambia kwamba mjini humu hakuna anayetaka jahazi, ila kila mwenye duka la ghorofa anataka roshani.

Basi akajifunza roshani. Kwa mtu asiyeijua kazi hiyo, roshani ni mbao tu zilizotokeza nje ya ghorofa ili watu wapate upepo. Fundi anajua kwamba shida yake yote iko mahali pamoja, pale inapokutana na nyumba. Boriti zimechomekwa ukutani, mbao za sakafu zimelazwa juu yake mpaka zikagusa ukuta, na mvua ya masika haishuki wima, inakuja kwa ubavu, inaupiga ukuta na kuteremka nao hadi kwenye ule mwanya. Mafundi wa mjini waliuziba kwa chokaa. Mbao zikivimba na kusinyaa, chokaa hupasuka, maji yakaingia, na baada ya miaka michache mwenye nyumba anasikia sakafu ikimlalamikia kila anapotia mguu.

Mbaruku aliona chokaa ile akacheka mpaka akakaa chini. Yeye alikuwa na kalafati. Alichukua pamba, akailoweka kwenye mafuta ya papa, akaisokota kamba, akaishindilia kwenye mwanya kwa patasi butu na nyundo mpaka ikawa ngumu kama mbao yenyewe. Juu yake akapaka deheni, chokaa iliyopondwa na shahamu, mikono miwili. Hivyo ndivyo jahazi linavyokwenda Lamu na kurudi bila kulowesha mchele. Sitara alilalamika kwamba nyumba nzima inanuka papa, hata mto wa kulalia, na majirani wa chumba cha tatu walihama kwa sababu hiyo ingawa walitaja nyingine. Mbaruku hakujali. Kila akimaliza roshani aliupiga ukuta kofi akasema, "Hapaingii kitu," mpaka watu wakamwita Mbaruku Hapaingii, naye jina akalipenda kuliko alilopewa na babake.

Mtu mmoja tu hakupendezwa na kalafati, naye ni Anselmi. Huyu alikuwa Mchaga aliyesomea useremala kwenye misheni huko kwao Kilimanjaro, akafungua karakana ya vitanda na makabati ng'ambo ya njia, mkabala na kibanda cha Mbaruku. Alikuwa mpole, wa kusema kidogo na kupiga randa sana. Siku moja alivuka njia, akatazama kamba za pamba zikikaushwa, akauliza, "Fundi, ukiziba kila mahali, maji yakishaingia yatatokea wapi?"

"Hayaingii."

"Kwetu mvua ikinyesha inahamia kabisa. Mapadri walitufundisha kuacha nafasi, ubao usiguse ukuta. Halafu unatia bati."

"Wewe ni fundi wa makabati," Mbaruku akamwambia. "Kabati halinyeshewi. Rudi ukachonge vitasa." Anselmi akatabasamu, akarudi kuchonga vitasa.

Mwaka wa thelathini na moja Mbaruku alijenga roshani aliyoiona ndiyo bora kuliko zote saba alizopata kujenga, kwenye nyumba ya Saif bin Humoud, mtaa wa Kichwele, juu ya duka la nafaka na samli. Aliyeitaka hasa alikuwa mama yake Saif, Bi Thuraya, mjane wa marehemu Humoud. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, magoti yamemgomea, na wanawake wa nyumba ile hawakuwa watu wa kuonekana barabarani hata magoti yakiwa mazima. Mbele ya roshani palitiwa kimia cha mbao, naye akakaa nyuma yake kitini tangu asubuhi, akiona wala haonekani. Kwa kukaa pale alijua nani kafiwa, nani kaposa, na nani ameuziwa mbuzi mgonjwa. Saif mwenyewe alipanda juu kumuuliza habari za mtaa kabla ya kumkopesha mtu samli.

Pale pale, upande wa mlango, Bi Thuraya alitilia udhu. Bafu lilikuwa uani, chini ya ngazi kumi na nne zilizosimama kama ukuta, kwa hiyo mara tano kwa siku aliketi kwenye kigoda na birika lake, akatawadha nje, akaingia ndani kusali. Maji yalimwagika mbaoni, mengine yakarukia ukutani. Hakuna aliyeona ajabu. Wakati wa kujenga, Mbaruku alionyeshwa mahali hapo akasema kwa majivuno kwamba Bibi akitaka na amwage pipa.

Miaka mitatu baadaye, katika kaskazi, jua limekaza na mvua imesahaulika, mguu mmoja wa kiti cha Bi Thuraya ulizama sakafuni akiwa amekaa. Hakuanguka. Alishika kimia, akajiinua, akamwita mwanawe kwa sauti ya kawaida kabisa. Saif akamtuma mpagazi wa dukani kumwita Mbaruku.

Mbaruku alikwenda bila wasiwasi, maana alijua ni ubao mmoja tu umeliwa na mchwa. Bi Thuraya alikuwa ameingia ndani, nyuma ya pazia la mlango. Fundi akamwamkia kutoka nje, "Shikamoo, Bibi," naye akamjibu, "Marahaba, mwanangu, tazama kiti changu." Mbaruku akapiga magoti, akapapasa kalafati yake kwa kidole gumba. Ilikuwa nzima, laini, haina ufa, wala haikupungua hata chembe. Akafurahi. Kisha akashuka chini, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda mpaka kwenye vichwa vya boriti, akasukuma patasi kidogo ili apime. Patasi ikazama mpaka kwenye mpini, kama imeingia kwenye boga lililochemshwa.

Akapima boriti ya pili, na ya tatu. Saif alikuwa amesimama chini, mikono nyuma, tumbo mbele, kanzu nyeupe inang'aa kwa jua. Alikuwa mtu mwema kwa jumla, ila mwenye haraka ya kujua sababu za mambo.

"Nimekwisha kuona," alisema. "Tazama ukuta hapo juu karibu na mlango, umefanya doa. Ni maji ya Mama. Mara tano kwa siku, miaka mitatu, mbao gani itastahimili? Si ndiyo, fundi?"

Mbaruku alikuwa juu ya ngazi, patasi mkononi, unga wa mti uliooza umemjaa kiganjani. Alijua kuna kitu hakikai sawa. Lakini alisikia pia moyo wake ukitulia, kwa sababu kama ni maji ya udhu basi si kalafati, na Mbaruku Hapaingii anabaki vile vile. Akashuka polepole. Akafuta patasi kwenye shuka yake. Hakusema ndiyo, hakusema siyo, na kwa Saif hiyo ilikuwa ndiyo.

"Basi ing'oe," Saif akasema. "Bwana Afya mwenyewe alikwisha kupita akaitazama kwa jicho baya. Na ule mlango nitauziba kwa mawe, kabla mtu hajatoka nao usingizini akavunjika shingo. Mama atatawadha uani kama watu wote."

Mbaruku alijua kwamba Bi Thuraya amesikia, kwani mwanamke anayesikia bei ya mbuzi kutoka ng'ambo ya barabara hashindwi kumsikia mwanawe chini ya dirisha. Akatamani aseme neno. Akaondoka na gunia lake.

Kesho yake asubuhi alirudi kuing'oa. Alianza pembe ya kusini, mwisho kabisa wa roshani, mbali na mlango, ili ajisogeze kwenye ubovu kidogo kidogo. Huko Bi Thuraya hakufika, magoti hayakumruhusu. Palikuwa na mtungi mkavu na kikapu cha vitunguu. Hakuna tone la udhu lililopata kuanguka pale tangu roshani ijengwe. Mbaruku aliikata kalafati kwa kisu, akaivuta, nayo ikatoka ndefu, nyeusi, bado ina mafuta, harufu ya papa ikampanda puani kama siku aliyoitia. Chini yake ubao ulikuwa umekwisha. Akafukua kwa vidole, akatoa nyuzi za mti zilizolowa. Wiki saba hapajanyesha, watu wanagombana bombani, na humo ndani, nyuma ya deheni yake, mlikuwa na unyevu wa masika ya mwaka jana.

Alikaa juu ya boriti nzima iliyobaki, miguu ikining'inia juu ya duka. Maji yaliingia kwa nyufa za lipu juu, nyembamba kama unywele, zisizozuiliwa na fundi yeyote duniani. Yakateremka ndani ya ukuta mpaka kwenye kalafati. Hapo yakafika mwisho wa safari. Jahazi lina ngama, maji yakipenya hukusanyika humo, na yupo baharia wa kuyafua kwa kata usiku na mchana. Ukuta hauna baharia. Chokaa mbovu ya mafundi wa mjini ilivuja kuingia na ikavuja kutoka, mbao zikapata kukauka. Yake haikuvuja upande wowote. Kazi aliyojisifia miaka kumi ndiyo iliyoziozesha nyumba za watu, na kadiri alivyoifanya vizuri ndivyo ilivyoziozesha upesi.

Alisikia aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu mzima atake kujifunika uso kwa kofia. Na chini ya aibu palikuwa na jambo lililomwuma zaidi: mwanamke anapokonywa mahali pake pekee pa kuona dunia, na anayempokonya ni mkono wake yeye, kwa kukaa kimya.

Hakwenda kwa Saif papo hapo. Lazima lisemwe, kwa sababu watu humfanya Mbaruku malaika wanapoisimulia habari hii. Alikwenda kwanza Kariakoo, amebeba kipande cha boriti kwenye gunia, akaingia karakana ya Anselmi, akakiweka juu ya meza ya randa. Anselmi alikibonyeza kwa kidole, kidole kikaingia. Akatazama kalafati iliyoshikamana nacho, akamtazama Mbaruku. Alikuwa na haki ya kucheka, na miaka mingi ya kuingojea nafasi hiyo.

"Keti, fundi," akasema tu. "Nitakuonyesha hilo bati."

Akachukua debe tupu la mafuta ya taa, akalikata, akalinyoosha, akalikunja juu ya ukingo wa meza. Ukingo wa juu unaingia kwenye mfuo uliochongwa ukutani, akaeleza, na mfuo unajazwa chokaa. Bati linateremka na ukuta, kisha linakunjwa kwenda nje, juu ya boriti, chini ya mbao za sakafu, dhiraa nzima, na mwisho wake unainamishwa kama mdomo wa birika. Mbao za sakafu zinasimama upana wa kidole kabla ya kufika ukutani. Maji yakija yanaanguka kwenye ule mwanya, yanafika kwenye bati, yanatembea nje, yanadondoka mbali na ukuta. Na upepo unapita humo humo.

"Kwa hiyo hayazuiliwi," Mbaruku akasema.

"Hapana. Yanaonyeshwa njia."

Mbaruku alilitazama lile bati muda mrefu. Kwa mtu aliyeishi kwa kuzuia maji, lilikuwa jambo gumu kumeza. Akamwomba Anselmi amkunjie la pili, aone mkono unavyokwenda.

Ndipo akarudi Kichwele. Duka lilikuwa na watu, wanawake wawili wananunua mchele na mzee mmoja amekaa juu ya gunia kwa ajili ya maongezi tu. Angeweza kungoja wamalize. Hakungoja, kwa sababu alijijua. Angengoja mpaka laasiri, halafu mpaka kesho.

"Bwana Saif," akasema, "jana uliniuliza kama ni maji ya mama yako, nikanyamaza. Si maji yake. Upande wa kusini asikofika ndiko kumeoza zaidi. Kalafati yangu imefungia maji ndani. Mimi ndiye niliyeiozesha roshani yako."

Wanawake wakaacha kuchambua mchele. Saif akaweka pishi chini.

"Jana ulinyamaza," akasema taratibu.

"Nilinyamaza."

"Na mimi nikapanda juu, nikamwambia mama yangu maneno. Nimemwambia ameiharibu nyumba kwa ukaidi wa kutotaka kushuka ngazi. Tangu jana anashuka, fundi. Anashikilia ukuta kwa mikono miwili. Leo alfajiri amechubuka muundi." Saif hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. "Mawe yamekwisha letwa, yako uani. Naziba mlango. Sitaki tena roshani ya fundi yeyote, sembuse yako."

Hapo sauti ikatoka juu ya ngazi, kutoka kwenye giza la mlango wa ndani. Bi Thuraya alikuwa amesimama hapo tangu neno la kwanza.

"Saif. Mwache ajenge."

"Mama, huyu mtu..."

"Nimemsikia. Amesema mbele ya watu, nawe hukumlazimisha. Mwache ajenge. Mawe hayaozi, yatangoja."

Saif akafikiri. Mwishowe akaweka sharti lake: roshani ijengwe upya kwa jasho la Mbaruku mwenyewe, na masika ikipita, ukuta ukionekana na unyevu hata kiasi cha kiganja, mlango unazibwa siku hiyo hiyo na lisiletwe neno jingine. Mbaruku akakubali. Mzee wa juu ya gunia akaondoka haraka isivyo kawaida yake, na kabla ya adhuhuri Kariakoo nzima ilijua kwamba Hapaingii pameingia.

Kazi ilichukua wiki tatu. Mbaruku alibadili boriti zote, na safari hii hakuzishindilia ukutani. Kila kichwa alikiachia nafasi ya kupumua ndani ya tundu lake. Alichonga mfuo, akatia bati, akaujaza mfuo chokaa. Sakafu aliilaza na mteremko mdogo kuelekea barabarani, mdogo kiasi kwamba kikombe cha kahawa kingesimama bila kumwagika. Ule mwanya wa kidole kati ya mbao na ukuta ulimsumbua macho. Kila akiupita mkono ulimwasha, akitamani pamba. Jioni alipita kwenye zile nyumba nyingine sita, moja baada ya nyingine, akawaeleza wenyewe yaliyo nyuma ya deheni yake. Watatu walimshukuru. Wawili walimtukana kwanza, ndipo wakamshukuru. Mmoja akamfukuza, akasema roshani yake ni nzima na hataki mchawi aiguse, na Mbaruku akawa anapita njia nyingine ili asiione.

Masika ikaja na nguvu zake. Jangwani pakajaa maji, watu wa huko wakahamisha vitanda, na mvua ikaipiga Kichwele kwa ubavu siku kumi na tatu mfululizo. Mbaruku alikuja kila asubuhi na mwavuli uliovunjika mbavu, akaweka kiganja ukutani chini ya roshani. Ukuta ulikuwa mkavu. Akajua kwamba ameshinda, akaingia dukani kumwambia Saif.

Saif alikuwa amekwisha kuuona. "Mkavu, kweli," akasema. "Lakini tazama, fundi, na mama tangu kaskazi hajamwaga hata tone. Anatawadha uani. Sasa nitajuaje? Ukuta umekauka kwa bati lako, au kwa sababu maji yake yameondoka? Mimi naona ni yale yale niliyoyasema mwanzo. Heri niuzibe mlango sasa, kabla hajarudia mazoea."

Mbaruku akatoka nje, akasimama barabarani chini ya kimia, mvua imekatika kidogo, akaita kwa adabu, "Bi Thuraya, shikamoo."

"Marahaba." Sauti ilikuwa karibu; alikuwa kitini pake.

"Bibi, kwa nini hutawadhi hapo?"

"Naogopa, mwanangu," akasema. "Nikimwaga, ukuta ukatoa doa, wataufunga mlango. Kushuka naweza kushuka. Magoti yataisha, lakini macho nitabaki nayo. Bora niwe na kiti bila udhu kuliko nikose vyote viwili."

Mbaruku akapiga hesabu. Mwanamke mzima anashuka ngazi kumi na nne na kupanda kumi na nne, mara tano kwa siku, ili kuilinda kazi ya fundi aliyemwacha asingiziwe.

"Bibi," akasema, "ukiacha kumwaga ndipo wataufunga. Mimi sikuijenga ikae kavu. Nimeijenga ipate maji. Adhuhuri imekaribia. Nakuomba, chukua birika, utawadhe hapo hapo mlangoni, usibane maji. Mwanao atasimama chini atazame. Kama kuna doa, nitaubeba mwenyewe mzigo wa mawe, jiwe la kwanza mpaka la mwisho."

Mbaruku akaenda akamshika Saif mkono, jambo ambalo hajawahi kumfanyia, akamtoa dukani mpaka chini ya roshani. Wakasimama wote wawili, nyuso juu, wanangoja. Kisha wakasikia kigoda kikiburutwa, na mdomo wa birika ukigonga mbao.

Alinawa viganja. Maji yakagonga sakafu, yakapita kwenye ule mwanya, na Mbaruku akayasikia yakifika kwenye bati, sauti nyembamba kama kidole kikikuna debe. Yakatembea, yakatokeza kwenye ule mdomo ulioinama, dhiraa nzima kutoka ukutani, yakaanza kudondoka mstari mmoja barabarani mbele yao. Akasukutua, akanawa uso, akanawa mikono mpaka viwikoni. Hakubana maji, Bi Thuraya. Alimwaga kwa moyo wote, kama mtu aliyekuwa akiyawekea akiba tangu kaskazi. Saif akanyoosha mkono, akapapasa ukuta, chini, juu, karibu na tundu la boriti. Akajitazama kiganja. Akapapasa tena.

"Mmeona?" sauti ikauliza kutoka juu.

"Tumeona, Mama," Saif akasema.

"Basi sogeeni. Sijaosha miguu."

Saif akageuka akimbilie barabarani, lakini Mbaruku alimvuta kanzu, akamrudisha nyuma mpaka migongo yao ikagota ukutani. Wakabanana pale, mwenye duka na fundi wake, visigino vimegusa jiwe, na maji ya miguu ya Bi Thuraya yakashuka mbele ya pua zao kwa wingi, mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Tumbo la Saif, kwa sababu lilitokeza mbele kuliko mwenyewe, likapata matone kadhaa. Juu wakasikia mlango ukifunguliwa, na mkeka ukitandikwa.

Maji yalipokatika Saif alitoka, akageuza shingo kujitazama mgongoni, ikashindikana, akampa Mbaruku mgongo amtazamie. Kanzu ilikuwa nyeupe na kavu kutoka mabegani mpaka chini. Saif akaenda uani, akamwambia mpagazi ayaondoe yale mawe.